Kufuma kwa Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiria kujiunga na kikundi cha wafumaji, au kuanzisha cha kwake mtaani. Kwa neno kufuma tunakusudia kazi ya sindano mbili inayotoa sweta, kofia na soksi, pamoja na ile ya sindano moja yenye ndoano nchani, ambayo ndiyo imetujazia vitambaa juu ya makochi na meza za sebuleni. Usukaji wa ukili (utepe wa majani unaotengenezewa mikeka), vikapu na nyavu umetajwa pia panapohusika, kwa sababu adabu za kukaa pamoja na kazi mkononi hazitofautiani sana.

Kufuma ni kazi ya mtu mmoja na mikono yake miwili. Kuna haja gani ya kukutana?

Haja ya kwanza ni ya ufundi. Mtu anayefuma peke yake anaweza kurudia kosa lile lile mwaka mzima bila kulijua. Vitabu na video vitamwonyesha mkono wa mwalimu, lakini havioni mkono wake yeye. Aliyeketi kando yako ataona mara moja kwamba unazungusha uzi kinyume, kwamba vitanzi vyako vimejipinda, au kwamba unaongeza kitanzi kimoja kila mwisho wa mstari, na ndiyo maana skafu yako inazidi kupanuka kama mkia wa tausi.

Haja ya pili inahusu macho, na kwetu sisi ndiyo kubwa. Watu wawili walioketi bila kazi hulazimika kutazamana, na kimya kikiingia kati yao kila mmoja hutafuta neno la kukifukuza. Watu wenye sindano mkononi wana pa kuyaweka macho yao. Kimya chao hakimwaibishi mtu, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba mwenzake anahesabu vitanzi. Mwenye jambo zito anaweza kulisema akiwa ameinamia kazi yake, bila kutazamwa usoni, na anayemsikiliza anaweza kumaliza mstari wake kabla ya kujibu, hivyo hata jibu linakuwa limepoa. Tumeyasikia kwenye mikeka yetu maneno ambayo wenyewe walikiri hawajawahi kuyasema mezani, msikitini, kanisani wala kitandani. Karibu kila utaratibu uliotajwa hapa chini umewekwa ili hali hiyo isiharibike.

Je, huu si mtindo wa kigeni ulioletwa na watu wenye nafasi?

Uzi wa sufu na sindano mbili vilitufikia kutoka nje, hilo ni kweli; wengi wa bibi zetu walifundishwa na masista wa misheni au katika masomo ya sayansi kimu. Kukaa pamoja na kazi ya mkono, hata hivyo, hakuna aliyetufundisha. Unguja na Pemba, chakula cha mchana kikishaliwa na vyombo vikishaoshwa, wanawake hutoka barazani na miaa au ukindu uliokwisha kuchanwa na kutiwa rangi, wakasuka ukili hadi jua lipunguze ukali. Ukili una sifa moja inayoufaa sana mkutano: ni utepe mwembamba, mrefu, unaokunjwa kadiri unavyoongezeka, kwa hiyo mtu anaweza kuubeba kwapani akaenda kwa jirani, akausuka huko akimjulia hali mgonjwa, na kurudi nao umeongezeka. Kuunganisha tepe hizo, yaani shupatu, kuwa mkeka ni kazi ya baadaye, tena inayohitaji nafasi na utulivu zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu ndefu kuliko zote ya kazi ndiyo ile inayoweza kufanywa katikati ya mazungumzo.

Ukambani, katika maeneo ya Machakos na Kitui, vikapu vya katani vilisukwa hata njiani; mwanamke alikwenda sokoni na kiondo ambacho hakijakamilika mkononi, akikisuka huku anatembea na wenzake. Ajabu ni kwamba mbali sana na huko, katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, wanawake waliobeba mgongoni vikapu vya udongo mkavu wa kuwashia moto walikuwa wakifuma soksi kwa mikono iliyobaki huru. Na katika mabonde ya Yorkshire, Uingereza, hasa kwenye kijiji cha Dent, familia zilikutana kwa zamu usiku wa baridi katika nyumba moja, wanaume kwa wanawake na watoto, wakafuma soksi za kuuza huku wakiimba na kupiga hadithi. Sababu yao ilikuwa ya kiuchumi kabisa: moto mmoja na mshumaa mmoja vilitosha kaya kadhaa. Mtu wa Pemba anayefuata kivuli cha baraza la jirani angewaelewa bila mkalimani.

Sijui kufuma hata kidogo. Je, naweza kuja?

Karibu. Tunaomba jambo moja tu: usianze na sweta. Anza na mraba wa vitanzi 20 hivi kwa uzi mnene wa rangi nyepesi na sindano za unene wa milimita 5, kwa maana uzi mweusi huficha makosa na sindano nyembamba huchosha subira. Siku ya kwanza utafuma, utafumua, utafuma tena. Lugha yetu imeyaweka maneno hayo mawili karibu mno kiasi kwamba mgeni huwa anadhani tunamtania tunapomwambia afumue. Hatutanii, na hakuna mkongwe kati yetu asiyefumua kila wiki.

Kila mgeni hukabidhiwa somo wake, yaani mtu mmoja wa kumwelekeza kwa vikao vitatu au vinne vya mwanzo. Tulijifunza umuhimu wa hilo baada ya kumwona binti mmoja akielekezwa na kina mama watano kwa wakati mmoja, kila mmoja na njia yake ya kushika uzi. Hakurudi.

Nije na nini?

Njoo na uzi, sindano, mkasi mdogo na mfuko wa kitambaa wenye kufungika, kwa kuwa donge la uzi lina tabia ya kukimbilia penye vumbi. Kama huna sindano, zipo za kuazima. Kuhusu vitafunio, kahawa na kashata zinakubalika, karanga pia. Bajia, sambusa na maandazi huliwa baada ya kazi kukunjwa, na mikono huoshwa. Mafuta yakishaingia kwenye uzi mweupe hakuna sabuni itakayokurudishia rangi yake.

Mtu akiona kosa katika kazi ya mwenzake, aseme au anyamaze?

Hapa ndipo vikundi vingi hutiliana sumu bila kukusudia. Utaratibu wetu ni kwamba kosa litakaloiharibu kazi, kama kitanzi kilichoanguka ambacho kitaendelea kufumuka mstari baada ya mstari, husemwa mara moja na kwa sauti ya chini. Kosa ambalo ni suala la ladha, kama rangi usizozipenda au mshono usiofuata ruwaza, husubiri mpaka mwenyewe aulize. Kuichukua kazi ya mtu kutoka mkononi mwake na kumtengenezea bila ruhusa ni kosa hata ukiwa fundi wa mafundi, na hata ukiwa mama mkwe wake. Omba kwanza. Akikataa, mwache ajifunze kwa uzi wake mwenyewe.

Mkazo wa uzi ni jambo jingine linalohitaji upole. Kila mkono huvuta uzi kwa nguvu yake, na watu wawili wanaotumia uzi mmoja, sindano zinazolingana na idadi ile ile ya vitanzi watatoa vipande vya upana tofauti. Wapo wanaosema mkazo hufuata hali ya moyo, na wengi wetu tumeona kazi ikikaza siku ya hasira. Usimtangazie mtu mbele ya watu kwamba leo kazi yake imekaza.

Mnazungumza nini? Je, si mahali pa umbea?

Tungekuwa tunakudanganya tukisema umbea haupo. Mahali popote watu wanapokaa saa mbili kwa starehe, majina ya wasiokuwapo yatatajwa. Tofauti ipo kati ya kumtaja mtu kwa sababu amefiwa, ameuguza au ameondokewa na kazi, ambako ndiko habari za mtaa zinakopatia msaada, na kumtaja ili kumvua nguo. Wazee wetu barazani walikuwa na njia nzuri ya kulizuia hilo la pili: mkubwa wa kikao alibadilisha mada ghafla kwa kuuliza habari ya rangi au bei ya miaa, na kila mtu alielewa. Sisi huuliza, “Hivi umefika mstari wa ngapi?” Swali hilo sasa limekuwa ishara, na aliyeulizwa hucheka kwa haya, kisha akarudi kwenye sindano zake.

Yanayosemwa kikaoni kuhusu msemaji mwenyewe hayatoki. Ndoa, mimba, ugonjwa na madeni ya mwenzako hayatajwi nyumbani wala katika kundi la simu. Kwa kuwa maneno mazito hutoka pale mtu anapohisi hatazamwi, kupiga picha za kikao kunahitaji idhini ya kila aliyepo. Picha za kazi zenyewe, bila nyuso, hazina shida. Siasa za uchaguzi tulizipiga marufuku baada ya kikao kimoja ambacho watu wanne waliondoka wamekunja nyuso, na kazi nusu.

Je, wanaume wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa, na historia iko upande wao. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca nchini Peru, wafumaji wa kofia ni wanaume. Mvulana hufundishwa tangu utotoni, na rangi na mtindo wa kofia huonyesha kama mvaaji ameoa au bado. UNESCO iliutambua ufundi wa nguo wa kisiwa hicho mwaka 2005. Wachungaji wa eneo la Landes, kusini magharibi mwa Ufaransa, walikuwa wakifuma wakiwa wamesimama juu ya magongo marefu kuwachunga kondoo katika nchi yenye maji maji, picha ambayo tunapenda kuwasimulia wale wanaodai kwamba hawana nafasi ya kukaa.

Wala hatuna haja ya kwenda Peru. Shuka pwani yoyote asubuhi upepo ukiwa mkali, utawaona wavuvi chini ya mti wamezungukwa na nyavu, kila mmoja na sindano yake, wakishona matundu na kupiga soga. Mkutano huo una kila kitu tulichokieleza hapo juu, pamoja na kimya chake. Hata hivyo, yapo makundi ya wanawake watupu ambayo wanachama wake huzungumza mambo wasiyoweza kuyasema mbele ya wanaume, na makundi hayo yanastahili kuachwa kama yalivyo.

Je, tuchange fedha au tuuze tunachofuma?

Vikundi vingi vya kazi za mikono kwetu vimezaliwa pamoja na mchezo wa fedha, uitwe upatu, chama au kikoba, na si jambo la kuona haya. Katika Kenya ya kati, miaka ya 1960, vikundi vya akina mama vilivyojulikana kwa jina la mabati vilichanga kidogo kidogo hadi kila mwanachama akaezeka nyumba yake kwa bati badala ya nyasi. Fedha humfanya mtu aje hata siku ambayo hana hamu, na akishafika hamu hurudi.

Pamoja na hayo tunashauri mambo mawili yatenganishwe. Mchango uhesabiwe mwanzoni, uandikwe kwenye daftari mbele ya wote, kisha daftari lifungwe na sindano zitoke. Pale fedha zinapojadiliwa katikati ya kufuma, mtu anayedaiwa hawezi tena kusema chochote cha moyoni, kwa kuwa kila neno lake litachukuliwa kama udhuru.

Kuuza ni hadithi ndefu zaidi. Mwaka mmoja tulikubali kufuma sweta 60 za shule moja. Hatukupiga hesabu sawasawa: sweta ya mtoto kwa mikono humla mfumaji mzoefu siku nyingi za jioni, ilhali mwenye mashine ya kufumia humaliza kadhaa kwa siku. Ushindani huo ni wa kale, kwani mashine ya kwanza ya kufumia soksi ilibuniwa na William Lee nchini Uingereza mwaka 1589. Kwa miezi miwili vikao vyetu viligeuka karakana. Hakuna aliyeuliza habari za mgonjwa wa mwenzake. Kila mmoja aliuliza mikono ya sweta iko wapi. Sweta 60 zilikamilika, faida ikawa ndogo, na wanachama wawili hawakuonekana tena. Tangu hapo anayetaka kuuza huuza vyake binafsi, tena vitu ambavyo mashine haiviwezi vizuri au mnunuzi anavithamini kwa sababu ya mkono: vitambaa vya meza, kofia za watoto, shali za harusi. Kikundi kama kikundi hakichukui oda.

Mnafuma pia kwa ajili ya wasiojiweza?

Ndiyo, na kazi tunayoipenda kuliko zote ni kofia za watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka, hasa kichwani, ambako ni sehemu kubwa ya mwili wake. Ndiyo maana katika huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, mtoto hukaa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi akiwa amevaa kofia. Kofia moja haizidi gramu 20 za uzi, na mfumaji wa kawaida huimaliza katika kikao kimoja. Tumia pamba au akriliki laini inayostahimili kufuliwa kwa maji ya moto, usiweke vifungo wala vishada, na uulize wodi kwanza wanahitaji vipimo gani. Tuliwahi kupeleka kofia 40 nzuri ambazo zingewafaa watoto wa miezi sita.

Kufuma kwa ajili ya watu usiowajua kuna historia kubwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake, wazee na watoto wa shule wa Uingereza, Marekani na kwingineko walikusanyika kufuma soksi za askari, kwa sababu mahandaki yaliyojaa maji yaliozesha miguu na soksi kavu zilikuwa kinga.

Tukutane wapi na mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile, kwa saa mbili. Kikundi kinachopanga siku upya kila mara hufa ndani ya miezi mitatu. Nyumbani kwa mwanachama mmoja pekee si pazuri kwa muda mrefu, kwani mwenyeji huchoka na familia yake huchoka kabla yake. Zamu ni bora, na baraza au kivuli cha mwembe ni bora zaidi ya zamu. Jambo la lazima ni mwanga. Baadhi ya wafumaji hukutana hadharani kwa makusudi, na tangu mwaka 2005 ipo siku ya kimataifa ya kufuma hadharani, mwezi wa Juni, iliyoanzishwa na Mmarekani Danielle Landes. Mtu akisimama kutazama, mpe kiti.

Naweza kuja na mtoto?

Anayenyonya, ndiyo. Anayetambaa, hapana, kwa sababu ya sindano na mikasi. Wa miaka saba na kuendelea apewe uzi wake.

Niko mbali na kwetu. Je, kukutana kwa simu kunafaa?

Kunafaa kuliko tulivyotarajia. Mtandao wa Ravelry, ulioanzishwa Marekani mwaka 2007, umewakusanya mamilioni ya wafumaji wanaobadilishana ruwaza na ushauri, na tangu mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani, wengi walizoea kufuma pamoja mbele ya kamera. Tuna wenzetu waliohamia Muscat na Minnesota ambao huingia kikaoni kwa simu iliyosimamishwa kwenye kikombe. Ushauri wetu ni kuielekeza kamera mikononi badala ya usoni. Ikielekezwa usoni, kila mtu anaanza kuhutubia.

Ni kweli kwamba kufuma kunatibu msongo wa mawazo?

Neno kutibu ni zito. Katika utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2013, ulioulizia wafumaji zaidi ya 3,500, waliofuma mara nyingi zaidi ndio walioeleza zaidi kwamba kazi hiyo huwapa utulivu. Lakini waliojibu ni watu waliokuwa tayari wanapenda kufuma, na anayekipenda kitu atakisifu. Kinachoweza kusemwa kwa usalama ni kwamba mikono inayorudia jambo moja huipa akili pa kukaa, na kwamba mwenye kungojewa na watu kila Jumamosi ana sababu ya kuoga na kutoka. Mwenye ugonjwa aende hospitali, kisha aje na sindano zake.

Mwanachama akifariki na kuacha kazi ambayo haijakamilika, mnafanyaje?

Limetupata mara mbili. Kwanza hatugusi kitu mpaka matanga yaondoke na familia ituite. Wengine hupenda kuihifadhi kazi kama ilivyoachwa, sindano zikiwa bado ndani yake, na hiyo ni haki yao. Wengine huomba imaliziwe. Huko Marekani lipo hata shirika, Loose Ends, lililoanzishwa mwaka 2022, linalowatafutia wafiwa mfumaji wa kuwakamilishia kazi iliyoachwa. Kwetu hufanywa na yule aliyezoea kuketi karibu zaidi na marehemu. Hununua uzi unaokaribiana na ule wa kwanza, ingawa rangi huwa hailingani sawasawa kwa sababu kila mkupuo wa rangi kiwandani hutofautiana kidogo, na mkazo wa mkono wake nao hautalingana. Mara ya kwanza mwenzetu alijitahidi kuuiga mkono wa marehemu, akafumua mara tatu. Mtoto wa marehemu alipoona akamwomba aache, afume kwa mkono wake mwenyewe. Shali hiyo ina mstari unaoonekana wazi, robo tatu ya njia, ambapo vitanzi vinalegea ghafla, na binti yule huivaa mstari ukiwa begani.